Asiyekuwapo na Lake Lipo

Kwenye rasi ya mawe inayoingia baharini kusini mwa mji wa Malindi pamesimama mnara mweupe wenye msalaba kichwani, na msalaba huo, kwa kauli ya wajuzi wa tarehe, ulichongwa katika jiwe lililopakiwa chomboni tangu Lisbon. Ni kumbukumbu ya Vasco da Gama, nahodha wa Kireno aliyetia nanga hapa mwezi wa Aprili 1498, akapokewa kwa taadhima na mfalme wa Malindi, akapewa rubani wa kumvusha hadi Kalikuti, kisha akatweka tanga kabla mwezi ule haujamalizika. Karne tano zimepita na mnara ungalipo; mawimbi yameutafuna mwamba ulio chini yake, na watu wameujengea kitako cha kuuzuia usianguke; watoto wa skuli huletwa kwa safu kuuona, na wageni hulipa ada. Sina kinyongo nao, kwani kumbukumbu ya mtu mmoja haimnyang'anyi mwingine chochote. Walakini asimamaye chini yake na kuelekeza uso mashariki hawezi kujizuia kuwaza kwamba njia ile ile ya bahari aliyoonyeshwa Mreno ilipitwa tena, katika zama za babu zetu, na wana wa nchi hizi waliovishwa sare za watu wengine, wakaivuka kwenda Ceylon na Bara Hindi na Burma kupigana vita ambavyo hawakushauriwa kuvianza. Nayo rasi hii haikuwawekea hata kijiwe.

Februari ni mwezi wa kaskazi. Ndio msimu ambao tangu dahari majahazi ya Uarabuni na ya Bara Hindi yalikuwa yakishuka kwenye bandari za pwani yetu na shehena ya tende na papa mkavu na mazulia, msimu ambao nyumba nyingi za Mambrui, Malindi na Takaungu zilikuwa na mtu wa kumtazamia. Katika msimu huo wa mwaka 1944, vyombo vya tanga vikiwa vinakuja, meli ya moshi iitwayo Khedive Ismail ilitoka Kilindini na msafara wake ikielekea Colombo, ikiupinga upepo uletao watu nyumbani. Ndani yake mlikuwamo watu 1,500 na ushei: wapiga mizinga wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, maofisa na mabaharia wa Kiingereza, na wanawake wauguzi. Jumamosi ya tarehe 12, baada ya adhuhuri, upande wa visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora mawili, ikazama kwa muda wa kama dakika mbili, muda usiomtosha mtu kutawadha na kutandika mswala. Waliokufa walikuwa 1,297. Na lililozidisha msiba ni kwamba manowari zilizokuwa zikiisindikiza, katika kuiwinda ile nyambizi isije ikazamisha na meli nyingine, ziliangusha mabomu pale pale palipokuwa na watu wakielea. Bahari haishiki alama. Mvuvi apitaye leo juu ya mahali pale haoni tofauti ya maji na maji.

Lakini aushi ya mtu haifupishwi ikawa dakika zake mbili za mwisho. Ni ajizi yetu sisi wasimulizi wa vita kwamba twamjua askari siku afayo na siku avishwayo nishani tu, ilhali kazi yake, kama kazi nyingine zote za wanadamu, imejaa siku ambazo hapakutokea jambo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa begani alama ya kichwa cha kifaru, ilipita mwaka huo wa 1944 katika bonde la Kabaw huko Burma, mvua zikinyesha bila kukatika, katika nchi iliyosifika kwa malaria na kwa homa zinazoletwa na vidudu vya majanini. Mwezi wa Desemba ilikuwa Kalewa, na daraja la chuma likatandazwa juu ya mto Chindwin. Hayo yameandikwa vitabuni. Yasiyoandikwa ni asubuhi za kukung'uta viatu vilivyoota ukungu, kusugua bunduki iliyoshika kutu kwa usiku mmoja, kumeza mbele ya sajini kidonge cha malaria kilichogeuza ngozi za watu kuwa manjano, kuchimba handaki hapa kwa kuwa la jana limejaa maji, kusukuma gari lililozama topeni, na kungoja. Kungoja amri, kungoja barua, kungoja mvua ianuke. Ni posho ya unga na maharage na nyama ya kopo, na mtu aliyelelewa kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka akiila kimya kimya, huku akiwaza ni nani sasa apandaye minazi ya babake.

Tena yafaa kukumbuka kwamba Waingereza walikuwa na itikadi ya kuyapanga makabila, haya ya vita na yale yasiyokuwa ya vita, na watu wa pwani waliwekwa aghalabu katika fungu la pili. Kwa sababu hiyo wengi wao hawakupewa bunduki bali jembe, usukani, machela, sufuria au kalamu. Kuna vikosi vya wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki vilivyokwenda Misri na Palestina, vikachimba, vikajenga, vikapakua shehena, vikalinda maghala; na kazi hizo, ambazo bila ya hizo hapana jeshi liwezalo kusonga hatua, hazichongewi sanamu. Mpishi wa kambini hana hadithi ya ushujaa ya kuwasimulia wajukuu. Karani aliyewaandikia wenziwe barua kwa taa ya kibatari, akayajua majina ya wake zao na madeni yao na ugomvi wao wa mipaka ya mashamba, alibeba siri za watu mia na akafa nazo. Kiswahili cha Keya, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kilichovuliwa ngeli zake nyingi, kikamchekesha mtu wa Malindi aliyezaliwa nacho, ndicho kilichomkalisha moto mmoja na Mkamba, na Mnandi, na Mnyasa. Na gazeti la Heshima, lililochapwa kwa lugha hiyo kwa ajili ya askari walioko Asia, lilisomwa kwa sauti na mmoja likasikilizwa na wengi. Wako waliokwenda hawajui alifu wala a, wakarudi wasomaji.

Upande huu wa bahari nao ulikuwa na utumishi wake, ambao haukupewa namba wala cheo. Mke wa askari, awe yuko Ganda au Roka au Mtondia, aghalabu aliipata habari ya mumewe kwa njia ya fedha: fungu la mshahara lililopitia ofisi ya DC likija, basi yu hai, likikawia, moyo hukawia nalo. Alilima shamba la watu wawili, akauguza wakwe, akamwambia mtoto aliyezaliwa baada ya meli kung'oa nanga kwamba ana baba, na baba huyo ni mrefu, na ana sauti nzuri. Ikija habari ya msiba, haikuja na maiti. Sheria ya Kiislamu imemwekea mjane eda ya miezi minne na siku kumi, lakini eda hufuata mauti, na mauti ya mtu aliyezama mbali huyathibitisha nani, ikiwa hapakuwa na mkono uliomfumba macho? Kati ya kuwa mke na kuwa mjane kuna bonde pana, na wanawake wa wakati ule wengine walikaa humo miaka, hawakai eda wala hawapambi nyumba, wakimwendea kadhi na swali ambalo kadhi naye aliliogopa.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na katika mgao wa nyama au wa shamba hiyo ni kweli tupu. Ila dini za watu na mila zao zimeikana methali hiyo kwa vitendo. Waislamu wa madhehebu yetu wana swala ya ghaibu: safu hunyooshwa, imamu hutangulia, takbira nne hutolewa, na pale ambapo jeneza lingekuwa hapana kitu. Maiti hayupo, walakini nia ya kila mmoja katika safu imemwelekea yeye na si mwingine. Baadaye hukaliwa hitima, Kurani ikasomwa juzuu kwa juzuu na thawabu zake zikahidiwa kwa jina lake. Na watu wa elimu huwaliwaza wafiwa kwa kuwakumbusha kwamba afaye kwa kughariki ameandikiwa daraja ya shahidi. Wagiriama nao wana lao. Mzee wa chama cha Gohu huchongewa kigango, ubao mrefu wa mti mgumu wenye kichwa na kiwiliwili na nakshi za pembetatu, na asiyefikia daraja hiyo husimikiwa koma, kijiti kifupi kisicho na madaha. Na mara nyingi sababu ya kusimikwa ni kwamba marehemu amemjia mtu wa nyumba yake ndotoni akalalamika kuwa amesahauliwa. Kikishasimama penye mji, humiminiwa tembo, huambiwa habari, huombwa radhi. Msikitini na katika kaya watu wamekata shauri moja: aliyeondoka ana fungu lake miongoni mwa waliobaki, na fungu hilo hutolewa kwa jina lake.

Ndiyo maana wizi wa vigango uliwauma wenyewe kuliko thamani ya ubao. Katika miaka ya 1970 na 1980 viling'olewa vingi mashambani, vikauzwa, vikavuka bahari, vikaishia katika majumba ya makumbusho na sebule za Marekani, vikatazamwa kama pambo zuri la Kiafrika. Na huko ng'ambo hapakuwa na aliyejua kwamba hiki ni fulani bin fulani na kwamba ana wajukuu. Baadhi yake vimerudishwa Kenya katika miaka ya karibuni, lakini kurudi nchini si kurudi nyumbani, maadamu ni taabu kumjua mwenye kila kimoja. Nimewaza mara nyingi kwamba hali ya vigango hivyo ni hali ya askari wetu wa zamani: ng'ambo iliwachukua wakiwa na majina na nasaba, ikawarudisha wakiwa hesabu.

Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, ipo tangu 1928 sanamu ya shaba ya watu watatu, ukumbusho wa askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya kwanza, na maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kutiwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yamebeba ahadi kwamba mtu aliyeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Msomaji akimaliza kuyasoma hulitafuta jina hilo, akauzunguka msingi wa sanamu pande zote asilipate, kwa kuwa halikuandikwa hata moja. Haikuwa sahau ya fundi. Mwaka 2021 halmashauri ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati waliokufa katika utumishi wa Uingereza wakati wa vita vile, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa; wenye mamlaka waliona sanamu ya jumla yawatosha. Vita vya pili vilitendewa uungwana zaidi. Katika makaburi ya vita yaliyo kwenye barabara ya Ngong, Nairobi, mna ukumbusho wa wale wasiojulikana walipolala, zaidi ya 1,500, na karibu elfu moja miongoni mwao ni watu wa Khedive Ismail. Majina yamo, safi, yamepangwa kwa vikosi na vyeo. Lakini yamo bara, mbali na bahari iliyowameza, na siku nyingi za mwaka msomaji wake ni mtunza bustani. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Jina lisilotamkwa na mtu huwa ni nakshi juu ya jiwe, kama zile nakshi za kigango kilichopotelewa na ukoo wake.

Hapa hapana budi kulikabili neno gumu, maana heshima isiyotazama pande zote ni kipofu. Sare ya Keya haikuja pwani yetu kwa mara ya kwanza ikiwa sare ya wana wetu. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilipowataka Wagiriama vijana wao kwa kazi, Mekatilili wa Menza alizunguka mji hadi mji akiwaapisha watu wasiwatoe. Akakamatwa, akapelekwa uhamishoni. Na tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani, Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ilivunjwa kwa baruti. Katika wiki zilizofuata askari wa Keya, Waafrika kama wao, walichoma nyumba za Wagiriama, na miongoni mwa masharti ya amani palikuwapo la kutoa wapagazi elfu moja. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Miaka 26 baadaye ndege za Kitaliano zikaudondoshea mji wa Malindi mabomu, na wana wa pwani wakasikia kwamba adui sasa ni Mtaliano, kisha Mjapani. Na leo mji huo huo una mahoteli ya Wataliano, na vijana wa ufuoni husema Kitaliano kwa ufasaha. Waliorudi kutoka Burma walilipwa kiinua mgongo kilichopimwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu akipata hata mara tatu ya Mwafrika wa cheo chake, kisha mashamba ya walowezi yakagawiwa askari wastaafu Wazungu, na Mwafrika akaambiwa arudi kijijini kwake. Mtu anaweza kuuliza: je, tukimheshimu askari, hatuitii muhuri himaya iliyomtuma? Jawabu langu ni kwamba hatumheshimu kwa ajili ya himaya. Bendera haikuuguza mtu homa ya Kabaw. Aliuguzwa na mwenzake. Waliomtuma wana hukumu yao katika tarehe, na ni haki wahukumiwe kwa ukali. Yeye ana haki nyingine, ya kuulizwa aliishi vipi.

Wala mambo haya si ya kale. Tangu 1979, askari wa Kenya walipokwenda kusimamia usitishaji wa vita Rhodesia, wamekwenda Namibia, wamekwenda Kroatia penye theluji, wamekwenda Sierra Leone na Timor ya Mashariki wakiwa na kofia za buluu, na tangu Oktoba 2011 wako Somalia. Kismayu, iliyochukuliwa na majeshi yaliyotoka Kenya mwezi wa Februari 1941, ilichukuliwa tena na askari wa Kenya waliotokea baharini mwaka 2012, na bado kuna vijana wa leo wanaolinda mchanga uliolindwa na babu zao. Simu imekaa mahali pa barua. Mama wa Kilifi humsikia mwanawe akicheka, akamuuliza amekula nini, akajibiwa wali na maharage, na kila mmoja akanyamaza kuhusu jambo ambalo wote wawili wanalijua. Lakini kungoja ni kule kule. Kambi yao ya El Adde huko Somalia ilipovamiwa Januari 2016, nchi ilikaa muda mrefu bila kuambiwa hesabu kamili ya waliokufa, na wafiwa wakafarijiana majumbani huku taifa likibishana kuhusu namba. Sina elimu ya vita ya kuwafundisha majemadari lipi la kutangazwa na lipi la kufichwa; najua tu kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwamba aliyetumwa na nchi ana haki ya kurudi, angaa kwa jina, kwenye mji uliomtoa.

Kila tarehe 14 Oktoba huadhimishwa siku ya Jeshi la Ulinzi, yakawekwa mashada, yakapigwa matarumbeta, na hiyo ni taadhima ya dola, haina ubaya. Ila dola hukumbuka kwa vikosi, na nyumba hukumbuka kwa mtu. Lililo katika uwezo wetu sisi wa pwani ni dogo na halina gharama ya shaba: kuwakalisha barazani wazee waliobaki na wana wa waliokufa, kuyaandika majina kijiji kwa kijiji, jina la mtu na la babake na la mji wake, na mbele ya jina kuandika si nishani tu bali kazi aliyoifanya, mpishi, dereva, mchukuzi wa machela, mpiga mzinga, alichopenda kula, aliyemngoja, na kisha kuyatamka, katika hitima za Waislamu, katika sala za Wakristo, penye koma za kaya, kwa watoto wa skuli waliokwisha kufundishwa jina la Vasco da Gama. Anayetamka majina hayo halazimiki kuvisifu vita, wala kuwasamehe waliovianzisha, wala kujidai kwamba kila aliyekwenda alikwenda kwa hiari. Anakiri deni tu: kwamba hawa walikuwa wetu kabla ya kuwa wa jeshi lolote, na kwamba fungu la asiyekuwapo, maadamu sisi tupo, liko mikononi mwetu kulitoa au kulila.